Shubiri Moja Juu ya Maji

Neno la ufundi ambalo Clement Utting alimwachia mkewe, Mahala, lilikuwa moja tu, na alilisema uani akiwa tayari amebeba mkoba wa kijeshi begani: "Ukikata matete, acha shubiri moja juu ya maji." Kisha akaenda zake vitani. Singapuri ilipoanguka alitekwa na Wajapani pamoja na vijana wengi wa jimbo lao la Norfolk, na Mahala akabaki na baba mkwe aliyepooza, mundu wa mpini mrefu, na konde la matete upande wa kaskazini wa ziwa.

Konde hilo halikuwa mali yao. Lilikuwa la bwana mwenye ardhi, ila akina Utting walikuwa wamelikata kwa vizazi vinne, na msimamizi wa bwana huyo alikubali liendelee kuandikwa kwa jina la Clement kwa sharti kwamba kila majira ya baridi likatwe na kila kiangazi liote tena. Likifa, atapewa mwingine. Mahala hakulalamika. Aliamini kwamba mtu aliye kifungoni huishi kwa kushikilia kitu fulani nyumbani, na kwa kuwa hawakujaliwa mtoto, alijiambia kwamba kitu hicho, kwa Clement, ni konde. Kila kadi aliyoruhusiwa kumpelekea aliimaliza kwa maneno yaleyale: konde lako linakungoja.

Wanawake wa kijiji kile walifunga matita. Kukata ilikuwa kazi ya wanaume. Mahala alijifunza kukata kwa kujikata. Mwaka wa kwanza alirudi kila jioni viganja vikiwa vimechanika, na matete yake yalikuwa mafupi kwa sababu alikata juu mno, akiogopa kukosea. Saul Futter, mwezekaji, alipokuja gatini na mkokoteni wake alilichukua tita moja, akaliinua mbele ya watu.

"Shemeji, haya ni matete au nywele za mtoto mchanga? Nikiezekea kanisa kwa haya, mchungaji ataota jua palepale madhabahuni."

Watu walicheka, na Mahala naye akacheka, kicheko cha kuazima, kisha akaenda nyumbani na kukaa jikoni bila kuvua viatu vyake virefu vya mpira. Aliyajua matete ya Clement. Yalikuwa yakimpita mtu kimo kwa mkono mzima.

Ndipo ukaja mwezi wa pili wa mwaka wa arobaini na nne. Upepo ulitoka kusini-magharibi wiki tatu mfululizo, ukaisukuma bahari mbali na pwani, mito ikamwaga maji yake bila kizuizi, na ziwa likashuka kiasi ambacho Mahala hakuwahi kukiona. Kingo za tope zilitokeza, na mashina ya matete yakasimama wazi hadi chini, ya manjano, yenye urefu ambao mwaka uliopita ulikuwa umefichwa na maji. Aliona ni rehema. Aliingia na mundu wake, na kila alipohamia sehemu mpya aliuteremsha mkono: kidole gumba majini, kidole kidogo pale ambapo makali yatapita. Shubiri moja. Hakupunguza wala hakuongeza.

Ilikuwa katika siku hizo ambapo askari wawili wa anga wa Kimarekani walisimamisha baiskeli zao ukingoni. Walitoka kwenye uwanja mpya wa ndege ng'ambo ya kanisa. Mmoja, sajini mwembamba aliyejitambulisha kuwa Lowell, alimuuliza kwa adabu kama ni kweli kwamba wenyeji huyaita maziwa haya mapana brodi, yaani 'pana'. Alipojibiwa kuwa ndiyo, mwenzake aliangua kicheko. Lowell, masikio yakimwiva, alieleza kwamba kwao brodi ni neno la wanaume wa mitaani, la kumwitia mwanamke, wala si neno la kumtamkia mama yako.

"Na kwa nini wanawake?" Mahala aliuliza.

"Sijui, bibie. Pengine kwa sababu ya upana."

"Au kwa sababu ya kina kifupi," mwenzake akadakia.

Mahala aliegemea mpini wa mundu. Maji yalimfika magotini, na tope chini yake lilikuwa limemshika barabara. "Njoo usimame hapa nilipo," alimwambia, "halafu useme tena kina ni kifupi."

Yule mchekaji hakuja. Lowell ndiye aliyeingia, buti na suruali vyote, akazama mpaka mapajani kwa hatua ya pili, na ikabidi Mahala amvute kwa mpini. Alipotoka alikaa nusu saa akimsaidia kubeba matita hadi kwenye mashua, kisha akaenda zake akichuruzika. Hayo tu ndiyo yaliyotokea. Yaliyosimuliwa gatini kesho yake yalikuwa mengine.

Kila jioni Mahala alimsimulia baba mkwe wake, Mzee Obed, jinsi kazi ilivyokwenda. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya Obed sauti na nusu ya mwili, lakini akili yake ilikuwa timamu, na macho yake yalifuata kila neno. Mahala alimwonyesha kwa mkono matete yalivyo marefu sasa, na jinsi maji yalivyoshuka na kumruhusu kukata chini kabisa. Mzee alianza kupiga mkono wa kiti kwa ule mkono wake mzima. Alipiga, akapumzika, akapiga tena. Mahala alidhani anashangiliwa. Alimbusu kwenye paji la uso, akampelekea chai.

Saul Futter alipokuja mwezi wa tatu alilishika tita, akalisimamisha kando yake, akatazama juu. "Sasa haya," alisema polepole, "haya ni matete." Mahala alikuwa ameyangoja maneno hayo miaka miwili. Usiku ule alilala kama mtu aliyelipwa.

Mwishoni mwa mwezi huo upepo uligeuka. Ulivuma kutoka kaskazini-magharibi, bahari ikapanda na kuziba mdomo wa mto, maji yakarudi nyuma, na ziwa likajaa kama kawaida yake na kupita kidogo. Vishina alivyoviacha Mahala vilitoweka chini ya maji. Hilo halikumtia wasiwasi, kwani maji hupanda na kushuka. Aprili, makonde ya jirani yalianza kutoa machipukizi makali ya rangi ya zambarau, kama ncha za mikuki. Lake lilikuwa maji matupu. Alijiambia kwamba upande wa kaskazini huchelewa kupata jua. Mei ilipofika katikati, alipiga kasia hadi pale, akatumbukiza mkono mpaka begani, akashika kishina na kukivuta. Kilikuja bila ubishi, pamoja na mzizi wake, cheusi, laini, kikinuka yai viza.

Alikipeleka kwa Jabez Thaxter, mzee aliyetunza kinu cha upepo kilichovuta maji kutoka malishoni. Jabez alikigeuzageuza, akakiminya, akakiweka juu ya ukuta kwa uangalifu, kama anayelaza mnyama mfu.

"Ulipimia wapi, binti?"

"Juu ya maji. Shubiri moja, kama Clement alivyoniambia."

"Maji yapi?"

Mahala hakuelewa swali. Jabez alimwongoza hadi kwenye nguzo ya gati lake, akamwonyesha msumari wa shaba uliokuwa umezama chini ya uso wa maji kiasi cha upana wa kidole. Babu yake ndiye aliyeupigilia, alisema, pale maji yanapokaa miaka yote. Mkataji wa ziwa hili huja kuutazama msumari kwanza. Maji yakiwa yameshuka, mtu hukata juu zaidi kwa kiasi kilekile, kwa sababu maji yatarudi. Tete lililokatwa huvuta pumzi kwa kishina chake, na kishina kikifunikwa, mzizi hukabwa koo kule chini topeni.

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

Jabez alivua kofia, akaitazama ndani. "Haliambiwi, binti. Mtu huzaliwa analijua." Akafikiri. "Mwanamume, nataka kusema."

"Uliniona nikikata. Ulipita na mashua yako mara mbili."

"Nilidhani Obed amekueleza."

Hapo ndipo Mahala alipousikia tena ule mkono ukipiga kiti, jioni baada ya jioni, na yeye akimimina chai.

Aliuliza kama konde linaweza kufufuliwa. Jabez alisema linaweza, kwa kupanda mizizi mmoja mmoja, na kwa miaka sita au saba ya subira. Msimamizi wa ardhi hakuwa na miaka saba. Alikuja Juni, mtu mpole mwenye koti zuri, akatazama yale maji meusi, akasema anasikitika kweli kweli. Konde atapewa mpwa wa Saul Futter, ambaye hatalipanda bali ataliacha maji wazi, kwa ajili ya mashua za wageni watakaokuja kupumzika vita vikiisha. Alisema hakuna anayemlaumu. Mahala aliona kwamba hilo ndilo lililomchoma zaidi: kwamba hata kulaumiwa, kama alaumiwavyo fundi aliyeharibu kazi, hakustahili. Mke wa Futter naye, mlangoni mwa kanisa, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba wale Wamarekani si wajinga kumwita mwanamke brodi. Maji na mwanamke, ukiviacha bila mwenyewe, vyote huharibika.

Wiki hiyohiyo ilifika kadi ya Clement. Ilikuwa imeandikwa miezi kumi na minne kabla. Sentensi nyingi zilikuwa zimechapwa tayari kwa mashine, afya yangu ni njema, ninafanya kazi, na chini yake mstari mmoja kwa mkono wake, herufi zikiwa zimelegea kama za mtoto: NATUMAINI MATETE YAMESIMAMA.

Jibu liliruhusiwa maneno ishirini na matano, herufi kubwa, si zaidi. Mahala aliketi mezani mbele ya Obed na kujaribu kusema kweli. Aliandika juu ya upepo wa kusini-magharibi, na kabla hajaufikia msumari maneno yalikuwa yamekwisha. Alianza upya. Alifuta. Kweli nzima ilihitaji maneno mia mbili, na kweli fupi ilihitaji matano: KONDE LIMEKUFA, NIMELIUA MIMI MWENYEWE. Aliyatazama matano hayo kwa muda mrefu. Akamwona Clement akiyasoma mahali ambapo hakuweza hata kupawaza, kwa mikono iliyoandika herufi zile zilizolegea.

Kisha akachukua kadi safi na kuandika: BABA YUKO SALAMA. NYUMBA SALAMA. MATETE YAMESIMAMA MAREFU KULIKO MWAKA JANA. KONDE LAKO LINAKUNGOJA. MIMI PIA. MAHALA.

Yalibaki maneno manane. Hakuyatumia. Alipomgeuzia Obed kadi ili aisome, mzee aliisoma hadi mwisho, kisha akafumba macho, na mkono wake mzima ukabaki umelala juu ya kiti bila kusogea.

Jumapili, kanisani, mchungaji alisoma majina ya mateka, kama alivyofanya kila Jumapili kwa miaka miwili. Alisoma Amis, Bane, Chaney, akafika kwenye Utting, na akaomba warejeshwe upesi, wote, wakiwa wazima. Watu waliitikia amina. Mahala alifungua kinywa. Kila Jumapili alikuwa ameitamka amina hiyo kwa nguvu kuliko mtu yeyote katika benchi lake, na sasa haikutoka. Aliona gati, na Clement akishuka na mkoba wake, akipita mlango wa nyumba bila kuingia, akielekea moja kwa moja upande wa kaskazini. Ndipo akatambua kile ambacho moyo wake ulikuwa umeanza kukiomba badala ya amina, kwa maneno machache kabisa: asije bado. Asije mwaka huu. Aliinamisha uso mikononi, na waliokuwa karibu naye wakadhani analia kwa kumkumbuka mumewe, wakamwachia nafasi.