Moto wa Kilima cha Pili

Hashabia alipotabiri kwamba Damasko itateketea, watu wa mji wake walimshangilia pale langoni. Alipoitaja Moabu, wakamletea divai. Zamu ya Gaza ilipofika, wengine walicheka hadi machozi. Siku aliyoutaja mji wao wenyewe, mji mdogo wa Yuda ulioning'inia ubavuni mwa kilima, walimtupa katika kisima kikavu nyuma ya mizabibu, akafia humo.

Maneno yake yalibaki kwa dada yake, Yekolia. "Moto wa kilima cha pili usipowaka," alikuwa amemwambia, "usiulize sababu. Toka."

Kwenye kilima hicho palikuwa na ngome. Kila jua lilipozama, walinzi wake waliwasha moto kuwajulisha majirani kwamba wako salama. Basi kila jioni Yekolia alipanda darini, akautazama, akashuka. Miaka ikapita hivyo. Mara nyingine, akisaga shayiri, alisikia jina lake likiitwa kutoka upande wa kisima, kwa sauti ya mtu aliyekaukwa na koo. Kuitwa alikwisha kuzoea. Kilichomtisha ni kwamba sauti ile haikuwa na hasira hata kidogo.

"Shangazi, vipi, dunia imekwisha leo?" jirani yake Zibia alizoea kumtania.

"Bado. Kapike."

"Afadhali, maana nimeshaloweka dengu."

Zibia alipomwoza binti yake, mji mzima ulijaa uani kwake. Yekolia alikuwa jikoni tangu asubuhi, anageuza nyama ya mbuzi, moshi umemjaa machoni, jua likazama asijue. Ndipo aliposikia anaitwa. Safari hii sauti haikutoka kisimani. Ilitoka begani pake.

Akaacha nyama, akapanda darini. Kilima cha pili kilikuwa cheusi. Akangoja mpaka nyota zikaanza kutokeza. Bado cheusi.

Akamwendea Gemaria, mkuu wa lango, kaka yake Zibia, aliyekuwa ameshika kikombe.

"Moto haujawaka."

"Kuni zimelowa, mama."

"Mvua imenyesha lini?"

Gemaria akatazama ndani ya kikombe. "Mama Yekolia, ndugu yako alituharibia sikukuu nyingi. Hii tuachie."

Hakubishana naye. Alirudi akamshika Zibia mkono. "Haujawaka."

Zibia akafungua mdomo atanie, utani haukuja. Akamtazama binti yake, kisha mama yake mzee aliyelazwa kwenye mkeka. "Nikikufuata halafu isiwe kweli, watanicheka mpaka nife."

"Watakucheka. Mimi wamenicheka, na chakula bado kinapita kooni."

Walitoka kwa mlango mdogo wa wachota maji, watu wachache tu, bwana harusi amembeba yule mama mzee mgongoni. Nyuma yao ngoma ziliendelea. Gemaria alipomwona dada yake akienda, alimpungia mkono kama mtu anayemuaga mgeni wa karibu.

Alfajiri, wakiwa mapangoni juu ya bonde, waliuona moshi. Jeshi la Babeli lilikuwa limeingia watu wakiwa wamelala na divai yao. Zibia aliliita jina la kaka yake mpaka sauti ikamwisha. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mchana wachungaji wa Edomu wakapita bondeni na mbuzi wao. Walipoona mji unaungua wakaanza kuimba kwa furaha. Zibia akainuka.

"Na kwenu itafika! Na watoto wenu..."

Yekolia akamvuta, akamketisha. "Itafika. Hashabia alisema. Lakini usiitamke kwa kuitamani."

"Wanatuimbia, shangazi."

"Nawasikia."

Akajifunga ushungi, akashuka. Zibia alimwona kutoka juu akizungumza nao, akiwaonyesha moshi, kisha akinyoosha kidole kusini, kwenye vijiji vyao. Wawili walimcheka waziwazi. Aliyekuwa mtu mzima zaidi alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja, akajibiwa. Kisha akaanza kuwakusanya mbuzi wake, akawageuza kuelekea nyumbani, akienda haraka.