Sura Iliyowekwa Dirishani

Fundi wa kuchomelea aliingia bila hodi. Nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua mchele, akaturuka mimi na ungo wangu, akasimama katikati ya chumba, miwani yake ya kazi bado iko kichwani. Kijana huyu nilimbeba akiwa mchanga, na tangu ajue kusema hajawahi kunipita bila shikamoo. Leo hata kunitazama hakunitazama.

"Yuko wapi mchoraji wako?"

Mjukuu wangu alikuwa uani anaosha brashi. Akaingia huku mikono inachuruzika, na kabla hajauliza kuna nini, yule akamwambia, "Umemtoa kaka yangu macho, halafu ukamweka dirishani watu wamcheke."

Mimi nikaweka ungo chini.

Kaka yake alikuwa dereva wa lori, na gari lilimshinda kwenye kona, akafa. Mama yao ni fundi cherehani, mwenzangu wa miaka mingi. Alitaka picha kubwa ya mwanawe aitundike sebuleni, na alichonacho kilikuwa kipicha cha kwenye leseni, kidogo kama kucha. Mimi ndiye niliyempelekea mjukuu kipicha hicho. Nikamwambia afanye kweli, asije akaniumbua kwa watu wangu.

Wakati huohuo redio ya mtaa ilikuwa imempa mjukuu wangu ufadhili. Waliwachukua wachoraji wa hapahapa, wanaochora kuta na mabango na sura za watu, wakawafundisha kupiga video na kuwaazima kamera. Kila mmoja alitakiwa aonyeshe kazi yake inavyozaliwa, kuanzia ubao mtupu mpaka mwisho. Atakayeleta filamu iliyokamilika angeendelea na mafunzo na kukaa na kamera mwaka mzima. Asiyeleta anarudisha kamera, nafasi anapewa mwingine. Mjukuu wangu alikuwa ameshaomba huko nyuma akakataliwa. Safari hii alipopata, alianza kula amesimama. Usingizini alikuwa anaongea habari za mwanga. Akaisimamisha kamera nyuma ya bega lake, na uso wa dereva ukawa unatokea huku kamera inatazama.

Sasa, huyu mtoto ana mtindo wake. Macho anayaacha mwisho. Atamaliza pua, masikio, hata vifungo vya shati, lakini penye macho patakuwa na rangi ya ngozi tu, pamefutika. Anasema akiyaweka mapema yanaanza kumtazama, naye anaanza kuyabembeleza. Mimi nimeishi na nyuso za namna hiyo ukutani, nafagia chini yake wala sishtuki. Hapo ndipo tulipokosea, yeye na mimi. Mwalimu wa video aliwaomba walete vipande vifupi vichezeshwe kwenye kioo cha dirisha la redio, watu wanaopita wavutike. Mjukuu akachagua pale ambapo sura imekamilika yote, imebaki macho tu, maana kwake hapo ndipo patamu. Alinionyesha kwanza. Nikamwambia imependeza, peleka.

Fundi wa kuchomelea alikuwa amekwenda kununua nondo akakuta watu wamejazana pale dirishani. Mmoja akauliza huyu si yule dereva. Mwingine akajibu, ndiyo maana hakuiona kona. Wakacheka.

Hayo alitueleza mwenyewe.

Mjukuu wangu akasema anakwenda kukiondoa kile kipande sasa hivi, na atawaangukia miguuni. Fundi akasema kipande hakitoshi, afute yote, kila kilichomo kwenye kamera kinachomhusu kaka yake.

"Leo namalizia macho, kesho napeleka filamu," mjukuu akasema. "Nikifuta sina kitu."

"Kwa hiyo kaka yangu ndiye kitu chako?"

Akaikamata kamera pamoja na stendi yake. Mikono ile inakunja vyuma, nikaona kamera imekaa ndani yake kama kifaranga. Mjukuu hakumsogelea. Alibaki anaitazama tu kamera, machozi yamemjaa lakini hayashuki. Nikainuka, magoti yakalia, nikajiingiza katikati. Nikamwambia, mwanangu, hiyo ni ya kuazima, ukiivunja umetuvunja sisi. Na marehemu ana mama yake, yeye ndiye wa kusema.

"Mama hajui, mama mkubwa. Wala sitaki ajue."

Alikuwa amechelewa. Mama yake alikuwa tayari amesimama mlangoni, utepe wa kupimia unaning'inia shingoni. Mtaa wetu huu, ukipiga chafya huku, kule wanakuuguza. Akamwambia mwanawe aiweke kamera chini, naye akaiweka. Akavuta kigoda changu, akakaa, akasema anataka kuona.

"Mama, usitazame."

"Nilikwenda kumtambua mochwari," akasema. "Nitashindwa na picha?"

Mjukuu akamgeuzia kile kioo kidogo cha kamera. Mimi nilisimama nyuma ya mwenzangu, na nilichokiona zaidi ni kisogo chake. Ikaanza mistari, ikaja taya, ikaja ile midomo ya mwanawe iliyokuwa kila siku kama inataka kukutania. Mwenzangu alikuwa anauzungusha utepe kidoleni, anauzungusha na kuufungua. Uso ukajaa. Halafu ukabaki vile, bila macho, kwa muda mrefu, maana mjukuu alikuwa ametoka kwenda kuteka maji akaiacha kamera inaendelea kurekodi. Nilijiandaa kumdaka.

"Hapa ulikuwa unangoja nini?" akauliza.

"Nilikuwa naogopa, bibi. Macho ndiyo yanayokataa kufanana."

Akauachia utepe. Kisha akasema, "Futa."

Mjukuu akanigeukia mimi. Alijua, na mimi najua, kwamba mwenzangu hajawahi kuninyima neno. Ningeweza kumwomba angoje mpaka kesho ipite. Ningeweza kumwambia mtoto ameipigania nafasi hii hadi amekonda. Neno lilinifika kwenye ulimi, nikalimeza. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri.

"Bibi, nikifuta nafasi yangu inakwenda."

"Najua, mjukuu wangu. Umemchora mpaka nimesikia harufu ya shati lake. Lakini nimeambiwa walichosema kuhusu kona. Wakimwona tena watakirudia, na cherehani yangu iko barabara hiyohiyo ya redio. Nitashona nimegeukia wapi?"

Mjukuu akabonyeza. Kamera ikauliza kama ana hakika. Kidole kikasimama hewani, nikadhani hakitashuka. Kikashuka.

Fundi ndiye aliyebeba stendi kwenda redio, ametangulia, kichwa chini, hasira zimemwisha na hajui pa kuweka mikono. Waliporudi mjukuu alinieleza kwa maneno machache. Kipande cha dirishani kimeondolewa. Mwalimu alisikitika sana, akajaribu kumtafutia siku za nyongeza, lakini masharti yalikuwa ya wafadhili, si yake. Nafasi amepewa mwingine, anayechora magari. Kamera imebaki huko.

Mwenzangu alikuwa hajaondoka. Tangu walipotoka alikuwa amekaa palepale mbele ya ubao wenye sura ya mwanawe, bado haina macho, mimi nikimpa maji hanywi. Mjukuu alimkuta, akapita, akaanza kukusanya rangi zake na kuzifunika moja moja, kwa nguvu kupita kiasi.

"Leo siwezi, bibi," akasema bila kugeuka. "Mkono una hasira."

"Una haki." Mwenzangu akavuta pumzi. "Nitakuja kesho. Na kesho kutwa pia. Sikufukuzi."

Mjukuu alikuwa anahangaika na mfuniko uliokataa kukaa.

"Ila hicho kipicha cha leseni kinadanganya," mwenzangu akaendelea, kama anaongea na ubao. "Jicho lake la kushoto lilikuwa dogo kuliko la pili. Aliporudi safarini ndiyo kabisa, ungesema anakukonyeza."

Mfuniko ukanyamaza. Nilimtazama mjukuu wangu mgongoni, mabega yake yamepanda, na nikangoja ama alie ama atoke nje.

"Ni akichoka tu," akauliza, "au siku zote?"