Mtu wa Sakafuni

Mashine ya kusagia zege ilipopita mara ya tatu na sakafu ya ukumbi wa mapokezi ikaanza kung'aa, marehemu mume wa Bi Kioo alionekana ndani yake, kama ilivyokuwa kwa kila sakafu tangu wamzike. Alikuwa amechuchumaa, suruali ya kazi ina viraka magotini, akipapasa zege kwa kiganja. Juu ya sakafu hapakuwa na mtu.

"Hapo kwenye nguzo umeacha mkwaruzo, mama watoto," alisema, kisha akakohoa. Kilikuwa kikohozi kilekile kikavu cha vumbi kilichomwondoa.

Bi Kioo, aliyepewa jina hilo na mafundi wenzake kwa mng'ao wa kazi yake, akausugua ule mkwaruzo.

"Barakoa wameshawapa?"

"Wameshatupa," alijibu, amejifunga kitambaa puani.

Mumewe akakitazama kile kitambaa. Hata enzi za uhai wake, mkewe hakujua kudanganya.

Msimamizi wa kazi akaingia. Alimsalimia marehemu kwanza, maana walifanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja.

"Habari za huko?"

"Kwema. Kifua tu."

"Pole, ndugu yangu." Akamgeukia Bi Kioo. "Kesho ni ufunguzi. Mwenye jengo hataki kikohozi mbele ya wageni. Piga sakafu rangi ya kijivu, ile nzito, mikono miwili, wa pili juu ya wa kwanza."

"Na barakoa?"

"Zimekuja boksi mbili. Za wageni hizo. Vumbi halijatulia."

Bi Kioo akachanganya rangi, akaanza kupaka kutokea ukuta wa mbali. Uso wa mumewe akauacha mwisho.

"Kitinda mimba anasoma?"

"Anasoma. Amerefuka, mabega ni yako matupu."

"Usimlete kwenye kazi hii."

"Simleti, baba. Haya, fumba macho."

Akafumba. Brashi ikapita.

Kesho yake wageni waliingia na barakoa zao. Karibu na nguzo sakafu ilikuwa ikipanda na kushuka taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Wakaelekezwa wapite pembeni, na mchana pakawekwa chungu cha maua.

Jumatatu mafundi walipelekwa jengo la pili. Wakawasha mashine, na baada ya robo saa hakuna aliyeweza kumwona mwenzake kwa vumbi.