Siku Anko Norman Alipompigia Mama Yake Fidla

Anko wangu Norman Mwaura ni mtu mashuhuri. Nalisema hili kwa heshima zote, nikiwa nimesimama wima kama tunavyosimama shuleni bendera inapopanda. Amepiga fidla katika majumba yenye dari za dhahabu, mbele ya wafalme wawili na malkia mmoja ambaye, kwa mujibu wa baba yangu, alisinzia. Magazeti ya Ulaya yamemwita mchawi. Magazeti ya huku yamemwita "kijana wetu", ingawa ana miaka sitini na moja na meno ya mbele si yake.

Mtu mmoja tu wa maana alikuwa hajawahi kumsikia akipiga. Mama yake.

Cucu Njambi, nyanya yangu mzaa baba, anaishi Mutuini, kwenye kipande cha shamba kilichobaki kijani baada ya majirani wote kujenga nyumba za kupangisha. Anko aliondoka hapo akiwa kijana, mkononi sanduku la fidla aliyokuwa akiipiga shuleni tu, na tangu hapo amekuwa akirudi kwa nadra kama maji ya moto bwenini. Guka, mume wa Cucu, alipofariki, Anko alikuwa na tamasha lisiloweza kuahirishwa. Guka naye hakuweza kuahirishwa, kwa hiyo akazikwa bila mwanawe wa kwanza. Wiki hiyo Anko alimpigia Cucu simu na kumwambia maneno ambayo familia nzima inayajua kama Baba Yetu: "Mama, siku utakaponisikia, utaelewa."

Cucu akajibu, "Sawa. Nitangoja."

Akangoja mpaka mwaka huu, alipofikisha tisini. Ndipo baba yangu Jamleck, mdogo wake Anko, ambaye hakuwahi kwenda Ulaya na kwa sababu hiyo ndiye aliyekuwa akimpeleka Cucu hospitalini miaka yote, akapanga mambo mawili: tamasha mjini siku ya Ijumaa, na ibada ya shukrani nyumbani kwa Cucu siku ya Jumapili. Anko alikubali haraka mno. Baba alisema sauti yake kwenye simu ilikuwa ya mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

Ijumaa, ukumbini, kiti cha katikati mstari wa mbele kilifungwa utepe mwekundu. Kilikuwa cha Cucu. Cucu hakuja. Ijumaa hukutana na kikundi chake cha akina mama wa kanisa, na zamu ya kupika chai ilikuwa yake. Anko alipiga usiku kucha, kwa maana ya kwamba mimi niliona ni usiku kucha, huku akikitazama kile kiti.

Muziki anaopiga yeye una vituo ndani yake. Mtu mstaarabu anajua kuwa ule ukimya si mwisho, hivyo hukohoa tu na kungoja. Kwenye kituo cha kwanza, mtu fulani upande wa kushoto alipiga makofi. Sitataja majina, kwa kuwa Shiku ni binamu yangu. Ukumbi mzima ukamfuata. Anko akashusha upinde na kututazama kama naibu wa mwalimu mkuu anayetazama bweni lililokamatwa na simu.

"Sijamaliza," akasema. "Tafadhali, jifunzeni."

Watu wazima wenye suti wakajifunza papo hapo.

Jumamosi tulikula chakula cha jioni kwetu Loresho. Baba akaanza polepole, kama anayegonga mlango wa mgonjwa.

"Kaka, kesho ukifika, ongea na Kibe kwanza."

"Kibe ni nani?"

"Wa kinanda. Wa kanisani kwa mama."

"Niongee naye nini?"

"Mwambie asiguse kitu ukipiga."

Anko akacheka kwa pua. "Jamleck, hakuna mwanamuziki duniani anayemwingilia mwenzake akipiga peke yake."

"Kibe si wa duniani. Ni wa Mutuini."

"Anko, huyo hufuata kila mtu," Shiku akadakia. "Hata pasta akikohoa anatafutiwa noti."

"Basi asinifuate mimi. Sitaenda kuomba ruhusa kwa mtu wa kinanda cha betri."

Baba akaongeza mchuzi. Mimi na Shiku tulitazamana chini ya mwanga wa taa kwa furaha ambayo haifai kwa Wakristo.

Hapa yafaa nieleze. Kibe huuza chakula cha kuku siku za kazi, na Jumapili ndiye kinanda. Katika kanisa la Cucu hakuna mtu anayeachwa kuimba peke yake. Kumwacha ni aibu, kama kumwacha mgeni ale peke yake huku mmekunja mikono. Mtu yeyote akisimama, Kibe anamsikiliza maneno mawili, anaipata sauti yake, kisha anabonyeza kitufe cha ngoma. Ngoma hiyo haijawahi kubadilika. Imezika watu na kuwaoza kwa mwendo uleule.

Jumapili basi. Hema nyeupe, viti vya plastiki, na Cucu mbele kwenye sofa iliyotolewa sebuleni, kilemba kipya kichwani, mikono juu ya mkongojo. Anko alifika amevaa shati la hariri jeusi. Alimpita Kibe akiunganisha nyaya zake, wala hakumsalimia. Kibe alimwinamia kidogo, kwa heshima.

Emsii, mshereheshaji wa siku hiyo, akapaza sauti. "Sasa kifungua mimba atatoa wimbo! Wakristo, mnaona mambo?"

"Tunaona!"

Anko akasimama mbele ya mama yake, hatua chache tu. Nilimwona akifuta kiganja kwenye suruali. Mtu wa wafalme wawili, kiganja kimelowa. Akaweka fidla begani, akafumba macho, akaanza kipande cha polepole sana kilichoandikwa na Mjerumani aliyeoza zamani.

Kibe akainamisha kichwa, akasikiliza. Noti mbili, tatu. Uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyemwona rafiki stendi. Akaingia.

Dum-tika-dum-tika.

Anko akafumbua macho. Akajaribu kwenda polepole zaidi, ili amtoroke. Kibe, mtu mwema, akamfuata. Akakimbia, Kibe akakimbia naye. Akina mama wa safu ya pili wakaanza kuyumba. Mmoja akapiga kigelegele. Anko akaacha kupiga.

Na katika kanisa la Cucu, mtu akiacha katikati, maana yake ni moja tu: amesahau. Ndivyo inavyowatokea watoto wa Sande Skul wanapokwama kwenye mstari wa kukariri.

"Usiogope, mwanangu!" akaita mama mmoja mwenye miaka kama hamsini.

"Mtieni moyo!" emsii akasema. "Makofi ya kilo! Moja, mbili, tatu!"

Wakampigia makofi ya kilo, yale mazito ya pamoja ya kumtia mtu nguvu. Mwanamke mwingine akainuka na leso na kumpangusa jasho kwenye paji la uso, kwa upole mkubwa. Shiku alikuwa ameingiza ukingo wote wa sweta yake mdomoni. Mimi niliiinamia Biblia.

"Anza tena, kaka," Kibe akamwambia kwa sauti ya chini. "Niko na wewe."

"Nyamaza!" Anko akapiga kelele. "Toa mikono yako hapo! Nani amekuita wewe? Nani?"

Kibe akazima kinanda. Akaiweka mikono yake magotini, akaitazama, kana kwamba imekutwa na kitu cha watu.

Ndipo Anko akapiga peke yake.

Lazima niseme ukweli, ingawa unaniharibia ucheshi: alipiga vizuri. Mimi sijui muziki, lakini kuna mahali alipofika nikaacha kucheka bila kuamua. Hakutazama watu. Alimtazama Cucu tu, na Cucu alikuwa amemkazia macho, hapepesi. Alipomaliza, akashusha upinde. Hakuna aliyepiga makofi.

Akapiga magoti mbele ya sofa.

"Mama, umesikia?"

Emsii, ambaye ni emsii mzuri, akamsogezea Cucu maikrofoni mdomoni.

"Nimesikia," akasema Cucu. Spika zikalirusha neno hilo hadi kwenye ghorofa za wapangaji.

"Na... umeelewa?"

Cucu akanyoosha kidole, akaligusa tumbo la fidla, akaligonga mara moja kama mtu anayepima tikiti.

"Baba yako alipowekwa kwenye udongo na wewe hauko, nilijiambia, kilichomshika mtoto wangu lazima ni kikubwa. Kikubwa kuliko baba yake, kikubwa kuliko mimi. Nikamwomba Mungu asinichukue kabla sijakiona." Hakuwa na hasira hata kidogo. Afadhali angekuwa nayo. "Kumbe ni haka."

"Mama."

"Nimekasikia kote. Ni kazuri. Lakini ni kadogo, Norman." Akageuza kichwa. "Kibe amekula?"

Kibe akasema bado, Cucu.

"Mpeni chakula. Halafu apige, miguu yangu inakufa ganzi."

Anko alibaki amepiga magoti. Nadhani alikuwa anangoja sentensi nyingine, kwa sababu kila sentensi mbaya aliyowahi kuandikiwa magazetini ilifuatiwa na nyingine iliyoilainisha. Cucu alikuwa ameshamwomba mtu maji. Baba yangu alikuja, akamshika kwapani na kumwinua, nami nikamsikia akimwambia sikioni, "Inuka kaka, keki inaletwa."

Keki kwetu hulishwa kwa mpango wa kuzaliwa, na mwenye sherehe ndiye anayelisha. Wa kwanza ni wa kwanza, hata awe amefanya nini. Kwa hiyo Anko akasukumwa hadi mezani, fidla ikining'inia kwenye mkono mmoja, upinde kwenye mwingine. Kinanda kikaanza. Cucu akachukua kipande cha keki kwa vidole, akakiinua.

"Fungua mdomo," akasema.

Mpiga picha akapiga kelele tumtazame yeye. Anko akafungua mdomo. Akina mama wakapiga vigelegele, na yeye akatafuna, akatafuna, macho yamemtoka, kwa muda mrefu kuliko keki yoyote inavyohitaji.