Flashi ya Gaudence

Bibi alikuwa kompyuta. Tuliseme hilo mapema, asije mtu akadhani ni ajuza wa watu. Ilikuwa kompyuta ya mezani ya siku nyingi, nyeupe iliyokwisha kuwa manjano, na ilikaa juu ya meza ya Mwantum, ile ya dirishani, katika ofisi moja ya kumbukumbu za viwanja pale Miyuji.

Programu ya viwanja vya zamani, vile vilivyogawiwa kabla Dodoma haijafurika watumishi na wabunge, ilifunguka kwa Bibi tu. Zilipoletwa kompyuta mpya sita, programu ilijaribiwa kwenye zote sita na ikagoma kwenye zote sita. Basi kila mwananchi aliyetafuta kumbukumbu ya kiwanja cha zamani alipita kwa Mwantum, na kila mtumishi aliyetaka kumhudumia mwananchi huyo alipita kwa Mwantum vilevile. Asubuhi wenzake waliingia wakiuliza, "Dada Mwantum, Bibi ameamka?" Naye alikiinua taratibu kitambaa cha kufuma alichomfunikia Bibi kwa sababu ya vumbi, akajibu, "Ameamka, ila msimharakishe." Alikuwa akisema hivyo kwa miaka tisa na utamu wake haukuisha.

Usimcheke. Kuna watu wanahitajiwa kwa sababu ya vyeo vyao, wengine kwa sababu ya watoto wao. Mwantum hakuwa na cheo, na watoto wake wawili walikuwa Kondoa kwa mama yake wakisoma. Alichokuwa nacho ni meza ya dirishani na Bibi.

Kisha Novemba akaja Debora.

Debora alikuwa na miaka ishirini na mitano, ametoka chuo juzi, anacheka kwa sauti na kuvaa viatu vya raba ofisini. Alimwamkia kila mtu, hata mlinzi, na mlinzi akaanza kumwekea kiti kivulini wakati wa chai. Mwantum alikiona hicho kiti. Yeye alikuwa amekaa miaka tisa bila kuwekewa kiti na mlinzi, na hakuwa amewahi kukitaka mpaka siku hiyo.

Wiki ya tatu, Jumatano, Debora alipiga kelele kutoka mezani kwake. "Jamani njooni! Imefunguka!"

Wote wakaenda. Kwenye kompyuta mpya ya Debora, iking'aa pana kuliko ilivyowahi kuonekana kwa Bibi, ilikuwa programu ya viwanja.

"Umefanyaje?" aliuliza Erick, aliyekuwa akishinda kwenye foleni ya Mwantum kuliko mtu yeyote.

"Sijafanya kitu kikubwa," alisema Debora. "Hizi Windows zina vitu vingi vimelala ndani. Vinakuja vimezimwa, mpaka mtu avitafute avihitaji. Tazama." Akafungua orodha ndefu ya majina, kila jina na kisanduku chake kidogo pembeni, vingine vina tiki, vingi vitupu. "Programu yetu ni ya zamani, inategemea hiki hapa. Nimekiwekea tiki, kompyuta ikavuta mafaili yake mtandaoni kwa bando la simu yangu, basi. Dakika tano."

"Miaka yote hii," alisema Erick, "kumbe ni tiki moja!"

Walipiga makofi. Mkuu wa ofisi, Bwana Bartolomayo, mtu wa maneno machache, alitoka chumbani kwake, akatazama, akatikisa kichwa kwa furaha. "Ijumaa nionyeshe vizuri, tumhudumie mwananchi mmoja kwa hii. Ikikaa sawa tunawasha zote sita. Bibi tumpeleke stoo akapumzike. Na wewe Mwantum utasogea kaunta, usaidie kupokea watu."

"Sawa, mkuu," alisema Mwantum, na akatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Kaunta! Kaunta alikaa mtu aliyeanza kazi jana. Wivu ulimpanda Mwantum, na chai ya saa nne ilishindwa kuushusha. Alimwonea wivu Debora kwa makofi, kwa kiti cha kivulini, kwa Erick aliyebeba kikombe chake kwenda kunywea meza ile nyingine. Alimwonea wivu hata kwa ujinga wake wa kusema siri hadharani, bila kuuliza kwanza ni mkate wa nani. Waswahili wana neno lao, kijiba cha roho, na Mwantum alikuwa nacho kizima.

Maana hili ndilo lililomchoma zaidi: yeye alikuwa anajua.

Alijua tangu Machi ya mwaka juzi. Fundi wa zamani wa ofisi, Mzee Gaudence, aliwahi kumwita siku zake za mwisho kabla ya kustaafu, akamwonyesha orodha ileile ya visanduku, akaweka tiki, programu ikafunguka kwenye mashine mpya. Kisha akampa flashi. "Hata mtandao ukikosekana, mafaili yako humu. Andika mstari huu kwenye dirisha jeusi la amri, imekwisha. Wafundishe wenzako, Mwantum. Usimwachie Bibi mzigo peke yake." Mzee aliondoka Jumanne. Jumatano Mwantum alikiondolea kile kisanduku tiki, akaifungia flashi kwenye mkoba mdogo wa uzi alioufuma mwenyewe, akautia kwenye droo chini ya karatasi. Hakujiambia kwamba anaficha. Alijiambia atawafundisha siku ikifika, na siku haikufika.

Alhamisi, saa tisa na nusu, watu walianza kutoka. Gari la watumishi wa kwenda Ipagala lilikuwa nje, na mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Chamwino. Mwantum alisema anamalizia faili moja. Ofisi ilipobaki tupu alikwenda kwenye meza ya Debora. Nywila aliijua, iliandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa chini ya kioo cha kompyuta, kama za ofisi nzima. Akaifungua ile orodha. Akaondoa tiki. Kompyuta ikazunguka, ikaomba kuzimwa na kuwashwa, akaizima na kuiwasha, akajaribu programu ya viwanja, ikagoma. Roho yake ikatulia kwa mara ya kwanza tangu jana.

Dereva alipiga honi. Radi ilikuwa imeanza kunguruma. Ofisi ile ilikuwa na amri moja iliyopita amri zote wakati wa mvua: usiondoke bila kuchomoa, kwa sababu umeme wa radi Dodoma hauna adabu. Mwantum ndiye aliyeitunga, na kwa miaka tisa hakuna siku aliyoondoka bila kumchomoa Bibi ukutani na kumfunika. Alichomoa kompyuta iliyokuwa mbele yake, ya Debora. Dereva akapiga honi tena. Akachukua mkoba wake, akakimbia.

Mvua ilinyesha usiku kucha.

Ijumaa asubuhi Mwantum aliingia wa kwanza na kukiona kitambaa kimekunjwa juu ya kiti, palepale alipokiacha jana. Akakitazama kama mtu anayesoma barua ya msiba. Akabonyeza swichi ya Bibi. Akabonyeza tena. Akachomoa, akachomeka, akanusa. Ndani mwa Bibi mlitoka harufu ya plastiki iliyoungua.

"Dada, vipi, Bibi ameamka?" aliuliza Erick akiingia.

Mwantum akakichukua kitambaa, akamfunika Bibi. Alikuwa amemchomoa adui na kumsahau mwenzake.

Saa tatu Bwana Bartolomayo alitoka akiwa ameongozana na mwananchi wa siku hiyo. Alikuwa Mzee Mbwana, mkulima wa milimani Kondoa, kofia safi ya kufuma, faili la plastiki kifuani. Mwantum alimfahamu. Ofisi nzima ilimfahamu.

"Shikamoo mzee," walisema.

"Marahaba wanangu. Mwantum, hujambo? Mimi tena."

Mimi tena. Hii ilikuwa mara yake ya tano katika mwaka mmoja. Alikuwa anatafuta kumbukumbu ya kiwanja cha Ipagala alichogawiwa yeye na mkewe zamani, ili wapate hati. Mara ya kwanza Bibi aligoma kuwaka. Mara ya pili Mwantum alikuwa msibani Kondoa, na bila Mwantum hapakuwa na Bibi. Mara mbili siku ilimwishia mlangoni kwenye foleni na basi la kurudi likawa linaondoka.

"Leo hukai hata dakika kumi, babu," alisema Debora kwa furaha, akambonyezea programu. Kikatokea kibao cha kukataa. Akabonyeza tena. Akafungua ile orodha, na uso wake ukabadilika. "Tiki haipo."

"Haipo vipi?" aliuliza Bwana Bartolomayo.

"Sijui, mkuu. Niliiweka, mliiona wote." Akairudisha. Kompyuta ikadai tena mafaili ya mtandaoni, maana yale ya kwanza yaliondoka na tiki. Akawasha bando la simu, na simu ikazunguka, ikazunguka. Mvua ilikuwa imeangusha mtandao mji mzima. Debora akawa anainua simu juu dirishani, kicheko kimepotea, macho yamelowa.

Mwantum alisimama kando akimtazama. Hiki ndicho alichokitaka, na alikipata chote.

"Basi tumtumie Bibi," alisema mkuu.

"Bibi ameungua, mkuu," alisema Mwantum. "Radi."

Bwana Bartolomayo akamgeukia mzee, akakuna shingo. "Mzee wangu, itabidi utuvumilie. Rudi wiki ijayo."

Mzee Mbwana hakulalamika. Angelalamika ingekuwa afadhali. Alilifunga faili lake, akashika ukingo wa meza ili ainuke. "Nitarudi," alisema. "Nimeshaizoea njia."

Kabla hajasimama vizuri, Mwantum alikuwa kwenye droo. Karatasi zikaruka huku na huku. Akatoa mkoba wa uzi, akatoa flashi, akamwambia Debora, "Nipishe, mdogo wangu." Akachomeka. Hakutafuta, hakuuliza, akafungua dirisha jeusi, akaandika ule mstari mrefu kwa kichwa, herufi kwa herufi, kama mtu anayeandika jina la mwanawe. Kompyuta ikahesabu mpaka mia. Akafungua programu ya viwanja. Ikafunguka.

Dakika sita baadaye mashine ya kuchapisha ilitoa karatasi, yenye namba ya kiwanja na majina mawili: Mbwana na Joha.

Makofi ya safari hii yalizidi ya Jumatano. "Nilijua!" alisema Erick. "Nilisema mimi, Mwantum ni Mwantum!" Bwana Bartolomayo alicheka waziwazi. "Kumbe unatufichia ufundi! Hakuna cha kaunta. Baki palepale dirishani, tena hizi sita zote ziwe chini yako. Debora, jifunze kwa dada yako."

Alikuwa amerudishiwa kila kitu, na nyongeza juu.

Debora hakupiga makofi. Alikuwa ameinama kwenye kompyuta, anaitazama flashi. Mzee Gaudence alikuwa mtu wa utaratibu. Aliibandika plasta na kuandika kwa kalamu: *Viwanja, mashine mpya. Kwa Mwantum. Machi 2023.* Debora akaisoma. Akainua macho. Yalitoka kwenye plasta yakaenda kwenye droo iliyo wazi, yakaenda kwenye kisanduku alichokikuta kitupu asubuhi, yakatua usoni mwa Mwantum na kukaa hapo. Debora angeweza kusema, na kila mtu angemwamini.

Mzee Mbwana aliishika karatasi kwa mikono miwili. "Mungu akuweke, mwanangu. Akuzidishie. Bila wewe ningeenda kuwaambia nini watoto?" Akageuka, kwa udadisi tu wa mkulima anayeona zana mpya. "Na hiki kidude kimekuja leo?"

Lilikuwa swali dogo. Jibu la ndiyo lilitosha. Wote walikuwa wakitabasamu, wanasubiri aseme ndiyo waende kunywa chai.

Mwantum alimtazama Debora, na cha ajabu wivu ulikuwa bado upo, mzima, haukupungua hata kidogo. Alimwonea wivu kwa sababu Debora angeweza kulijibu swali lile bila kumeza mate.

"Hapana, mzee," alisema. "Nilikuwa nacho. Tangu kabla hujaja mara ya kwanza. Na tiki ya huyu mtoto, jana nimeitoa mimi."

Hakuna aliyecheka. Erick aliweka kikombe chini.

Mzee alibaki ameitazama karatasi. Alipitisha kidole gumba juu ya jina la pili, polepole, wino usije ukachafuka.

"Mara ya kwanza nilikuja naye," alisema. "Alikaa pale, kwenye lile benchi. Amefariki mwezi wa Rajabu."

Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye faili, akawaaga kila mmoja kwa mkono kama kawaida ya watu wa kwao. Alipofika kwa Mwantum alimpa mkono pia.