Mizinga Sita Isiyopewa

"Sikuulizi kama uliwapa," nilimwambia mama mkwe. "Harufu nimeshaisikia. Nakuuliza uliwapa mara ngapi."

Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pa jiko, ungo wa maharage mapajani. Hakuinua kichwa. Alitoa jiwe dogo katikati ya maharage, akalitupa uani.

"Kila ulipowapa hawa, na mimi niliwapa wale. Ulitaka nifanyeje? Nipite na sufuria mbele ya wagonjwa sita nikawanyweshe wengine sita?"

"Ndiyo. Ndicho nilichotaka."

"Basi ungetafuta mtu mwenye moyo wa kazi hiyo."

Mume wangu, ambaye mmoja wetu alimzaa na mwingine akaolewa naye, alikumbuka ghafla kwamba baiskeli ina pancha, akaondoka nayo akiikokota. Gurudumu halikuwa na pancha yoyote. Sikumlaumu. Ugomvi huu ulikuwa umeanza tangu chai ya asubuhi, nilipofungua mzinga wa tisa, nikainusa chupa ya kulishia nyuki, nikakutana na harufu ya mbao iliyolowa, harufu ya uyoga, mahali ambapo palitakiwa pawe na maji ya sukari matupu. Nilikwenda kwenye mzinga wa kumi. Vivyo hivyo. Yote sita.

Tulikuwa na mizinga kumi na miwili nyuma ya nyumba. Mwaka uliotangulia ilikuwa ishirini na tatu. Nyuki walianza kutoka wakitambaa ardhini kama watoto waliopotea sokoni, mbawa zao zimekunjamana kama karatasi iliyoloa. Ni ugonjwa unaoletwa na utitiri, mdudu mwekundu mdogo kuliko punje ya ulezi anayewang'ang'ania mgongoni. Mimi nina stashahada ya maabara na kazi yangu ni kupima maziwa kiwandani, kwa hiyo ugonjwa niliujua kwa jina. Kuujua kwa jina hakukumzuia nyuki hata mmoja kufa.

Uyoga aliuona mama mkwe kwanza. Aliniambia nyuki wanakwenda kunyonya kwenye gogo lililooza, pale unapoota uyoga mgumu kama kwato, na kwamba wanaokwenda ni wale waliochoka. Nilimjibu kwamba wanakunywa maji tu. Miezi mitatu baadaye nikasoma kwenye jarida la kazini kwamba kuna watu wa mbali wanaojiuliza swali hilohilo, kama ule uyoga unawapa nyuki nguvu za kupigana na ugonjwa. Siku hiyo nilirudi nyumbani na mitungi ya kioo na kisu kikali. Nikakata kipande cha uyoga, nikakiotesha kwenye vumbi la mbao nililolichemsha, nikangoja hadi nyuzi zake nyeupe zilipolivika lote, nikakamua maji yake. Kijiko kimoja kwenye lita ya maji ya sukari.

Lakini mimi si mtu wa kuamini kitu kwa kuwa nimekitengeneza mwenyewe. Niligawa mizinga. Sita ipewe maji ya sukari yenye uyoga, sita ipewe maji ya sukari matupu, ili mwisho wa msimu nijue. Kila Jumamosi kwa miezi saba nilitandika kitambaa cheupe mbele ya kila mzinga, nikapiga magoti, nikahesabu nyuki wenye mbawa mbovu walioangukia pale. Magoti yangu yamekuwa meusi kama ya mpiga deki. Siku nilizokuwa kazini mama mkwe ndiye aliyewalisha, nami nilikuwa nimemwelekeza mara mbili, polepole, kama ninavyowaelekeza wanafunzi wa mafunzo kazini.

Miezi saba! Na sasa daftari langu lilikuwa na safu mbili za tarakimu za nyuki waliopewa kitu kilekile, lisilofaa hata kufungia karanga.

"Mama, hao sita walikuwa wa kulinganisha," nilisema. "Bila wao hatujui kitu. Huruma yako imenitoboa macho."

Hapo ndipo aliponitazama.

"Mapacha wako walipougua homa, ulimpa dawa yupi, ukamwacha yupi?"

"Hiyo ni tofauti."

"Nieleze tofauti yake. Mimi niko hapa, sina pa kwenda."

Nilianza kumweleza. Nilisema kwamba dawa ile ya homa ya watoto ilijulikana kuwa dawa kwa sababu zamani kuna wagonjwa walikubali kutopewa. Aliuliza kama hao waliulizwa. Nikasema ndiyo, waliulizwa. Akasema nyuki wake hakuna aliyewauliza, wala yeye mwenyewe hakuna aliyemuuliza; nyuki aliowalea tangu mwanawe hajaota meno, akapewa amri juu yao kama kibarua. Nilitaka kujibu, na jibu nilikuwa nalo, chungu na limeiva. Honi ikalia getini.

Alikuwa mwenyekiti wa ushirika wetu wa wafugaji nyuki. Wanachama humwita Asilimia, maana hata ukimwuliza habari za nyumbani atakwambia wazima asilimia tisini. Mkutano mkuu ulikuwa siku hiyohiyo saa tisa alasiri. Wiki mbili kabla nilikuwa nimempa chupa sitini za maji ya uyoga azihifadhi ghalani, ili matokeo yakiwa mazuri wanachama wapewe wajaribu. Alikuwa amekuja kunichukua mimi, daftari langu na maneno yangu.

Alifungua nyuma ya gari kwa mkono wa bwana harusi. Chupa zangu zilikuwa zimevaa. Kila moja ilibandikwa karatasi ya manjano yenye picha ya nyuki mwenye taji. TIBA KAMILI YA NYUKI, iliandikwa. HUPONYA ASILIMIA 100. Chini yake: Imethibitishwa na mtaalamu wa maabara. Mtaalamu huyo ni mimi. Na chini kabisa, kwa herufi za mshazari, kama ubeti wa mapenzi: Mimina, funga, sahau.

Nilimwambia pale pale kwamba jaribio limeharibika. Nilimwambia kwa kifupi, bila kumtaja aliyeliharibu: mizinga yote kumi na miwili imepewa uyoga, hakuna ya kulinganisha, hakuna matokeo. Nilitegemea asikitike. Akacheka hadi akashika boneti.

"Mama Pacha, unanitisha bure. Kumi na miwili imepewa, imebaki mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Sasa hapo kilichoharibika ni nini? Hiyo ni mia kwa mia."

Nilimwuliza kuhusu mvua. Mwaka huu mvua ilikuwa nzuri na miti ilichanua miezi miwili mfululizo. Nilimwuliza kuhusu fundi cherehani wa barabara ya pili, aliyebakiwa na mizinga mitatu, ambaye hakuwapa nyuki wake kitu chochote na bado anayo yote mitatu. Kwa hiyo huenda ni uyoga. Huenda ni sukari. Huenda ni maua. Mwenyekiti alinisikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayengoja mtoto amalize kulia. Kisha akanivika kilemba cha ukoka. Akasema ushirika haujawahi kuwa na msomi kama mimi. Kwamba wanawake wengine wangeuweka ujuzi huu uvunguni. Kwamba mwakani kiti cha ukatibu kitakuwa wazi. Watu, alisema, hawaji mkutanoni kusikia sijui. Wanazo sijui zao nyumbani.

Sitadanganya, kilemba kilinienea kwa muda wa kushika chupa moja na kusoma tena neno mtaalamu. Hakuna mtu aliyewahi kulipiga chapa neno hilo juu yangu. Miaka kumi na minne ninapima maziwa, na karatasi ya majibu husainiwa na mkuu wangu, ambaye hajui darubini inawashwa upande gani.

Halafu nikamkumbuka tena fundi cherehani. Juzi nilipopeleka sare za watoto kushonwa upya, aliniambia ameacha kufungua mizinga yake. Hakagui tena utitiri, hatoi masega mabovu. Kwa nini ajisumbue kung'atwa, wakati dawa ya Mama Pacha inatoka Jumamosi? Alinionyesha mahali alipoitengea chupa yangu, kwenye rafu, kando ya pasi. Alikuwa na mizinga ishirini, huyo. Amebakiwa na mitatu. Nilicheka naye nikamwambia avute subira, na wala sikumwambia afungue mizinga. Nilikuwa nimefurahi kusubiriwa.

"Hatoki mtu na chupa yenye karatasi hii," nilisema.

Mwenyekiti aliacha kutabasamu. Alishusha sauti, akasogea karibu na mlango wa jiko ili asikike na sisi wote wawili. Alisema wanaojua habari hii ni watu watatu tu waliopo uani. Yeye hatasema. Mimi, kwa heshima yangu, sitapenda watu wajue kwamba kazi ya miezi saba imeharibiwa na mtu wa nyumbani kwangu. Kumbe alikuwa amekaa nje ya geti kitambo kabla ya kupiga honi.

"Na mama yetu hapa hawezi kumwaibisha mkwewe," alimalizia. "Si ndiyo, Mama?"

Mama mkwe aliweka ungo chini. "Nisomee hiyo karatasi," aliniambia. "Macho yangu hayafiki."

Nilimsomea yote, kuanzia taji mpaka mwisho.

"Asahau nini?"

"Nyuki. Amimine dawa, afunge mzinga, asahau."

"Anayetaka kusahau afuge mawe," alisema. Kisha akamgeukia mwenyekiti, na sauti aliyotumia naijua, kwa kuwa nimeishi nayo miaka kumi na miwili. "Mimi niliwapa kwa sababu walikuwa wanaumwa. Sikuwapa ili wewe upate cha kuongopea watu."

Sikungoja jibu lake. Nilikwenda kwenye gari nikateremsha kreti ya kwanza, nikaiweka chini ya bomba. Nikarudi nikachukua ya pili. Mwenyekiti alinifuata akisema karatasi zile ni mali ya ushirika, zimepigwa chapa kwa kibali cha kamati, siwezi kuzigusa. Nilimwambia maji ni yangu, chupa ni zangu, karatasi nitamrudishia zikishakauka. Kreti ya tano ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote, pengine kwa sababu aliishika upande mmoja huku mimi nikivuta upande wa pili, watu wazima wawili, mmoja ana suti. Aliiachia alipoona doa la majimaji kwenye mkono wa koti.

"Utawaambia nini wanachama?" aliuliza. "Mia mbili wamekuja kwa ajili yako."

"Tangulia, waambie nakuja. Nitayasema mwenyewe."

"Utasema hujui?"

"Nitasema sijui."

Aliondoka kwa vumbi jingi kuliko lililohitajika.

Jikoni nilimimina maji ya moto kwenye beseni kubwa la kufulia, nikatia magadi, nikalaza chupa ndani kumi kumi. Karatasi za bei rahisi hutoka zenyewe. Hizi hazikuwa za bei rahisi. Nyuki mwenye taji alitoka vipande vipande, kwanza mbawa, kisha mwili, na gundi ikabaki imeng'ang'ania kioo. Nilikwangua kwa kisu cha mezani. Hasira ilikuwa bado inanitoka mikononi, na sikujua tena ni ya nani: ya mwenyekiti, ya mama mkwe, au ya yule mwanamke aliyecheka na fundi kando ya pasi.

Kigoda kilikokotwa sakafuni. Mama mkwe alikaa upande wa pili wa beseni, akapandisha mikono ya gauni, akachagua chupa. Tulikwangua pamoja. Yeye alitumia ukucha wa dole gumba na alikuwa mwepesi kuliko mimi.

"Utawaambia ni mimi niliyeharibu?" aliuliza baada ya chupa nyingi.

"Nitawaambia niligawa mizinga yako bila kukuuliza."

Alisuuza chupa, akaitazama dhidi ya mwanga, akaona gundi imebaki shingoni, akairudisha majini.

"Na msimu ujao ukinijia na wale sita wako," alisema, "sitakulishia."

"Najua."

"Hata ukiniuliza vizuri."

"Nitakuuliza tu."

Alitoa sauti puani ambayo haikuwa ndiyo wala hapana. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na nusu. Chupa ishirini na moja zilikuwa bado zimevaa. Nilisimama nikaongeza maji ya moto, naye akasogeza miguu yake kunipisha, bila kuacha kukwangua.