Utepe wa Tuta

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Alhamisi, adhuhuri, maji yamekupwa na mitumbwi imelala kwenye tope. Fundi mawe alikuwa akisukuma mkokoteni. Ndani yake mkewe alikunja magoti juu ya godoro, kanga imelowa damu. Mtoto alikuwa amekataa kutoka. Mkunga alikuwa ameshanawa mikono: "Mpeleke ng'ambo, hospitali. Mimi nimefika mwisho."

Pantoni ya kuvusha watu kutoka kisiwani ilikwisha kuondolewa. Ya nini tena, wakubwa walisema, na tuta limekwisha? Na kweli lilikuwa limekwisha: barabara nyeusi ti, imekata bahari moja kwa moja hadi ng'ambo. Mawe ya ukingo wake fundi aliyapanga kwa mikono yake.

Mwanzoni mwa tuta palifungwa utepe mwekundu. Mbele ya utepe, askari na bunduki.

"Fundi, rudi. Mgeni rasmi ndiye wa kupita kwanza. Jumamosi."

"Afande, huoni hali?"

"Naona. Lakini nina watoto, na kazi ni hii moja."

Mke aliinua kichwa. "Mwambie nitapita kinyumenyume. Nitaonekana natoka huko, siyo naenda."

Askari nusura acheke. Akapiga simu. Sauti ya mkubwa wake ilisikika mpaka mkokotenini: "Utepe ukatwe kwa ajili ya mkokoteni? Nani atamweleza mheshimiwa? Mwambie avumilie, wanawake wanazaa tangu enzi na enzi."

Wakavumilia. Fundi alimtandia mkewe shati usoni kumkinga jua. Askari alipiga tena, simu haikupokewa. Maji yalipoanza kujaa, vidole vya mkewe vilikuwa vimeacha kumbana mkono.

Ijumaa walizikwa, mama na mtoto, kaburi moja.

Jumamosi mafundi waligawiwa fulana mpya, wakapangwa mstari. Mheshimiwa alikata utepe, akasema kwenye kipaza sauti kwamba sasa hakuna mama atakayefia kisiwani. Watu wakapiga makofi. Fundi naye akapiga. Msimamizi alikuwa akimtazama, na kisiwani hapakuwa na kazi nyingine.

Siku hizi anafagia tuta lilelile. Kila asubuhi humkuta askari yuleyule kwenye kizuizi. Husalimiana vizuri tu, na kuulizana hali za nyumbani. Kisha fundi huegemea ufagio na kuuliza swali lake, na askari huitazama bunduki, halafu maji. Swali la fundi ni lilelile kila siku:

"Ndugu yangu, siku ile ningeuchana ule utepe, ungenipiga?"